Simu ya Mjukuu: Hujaji wa Vitongoji na Teknolojia ya Hija

Maandishi mengi kuhusu teknolojia ya dijitali katika hija humwona hujaji kama mtu mmoja mwenye simu yake, anayesoma mwenyewe, anayebonyeza mwenyewe na kuamua mwenyewe. Programu nazo zimetengenezwa kwa kumfikiria mtu huyo. Nusuk, iliyozinduliwa na Saudi Arabia Septemba 2022 na kuchukua nafasi ya Eatmarna ya mwaka 2020, humtaka mtu ajisajili kwa jina lake, kisha achague siku na saa ya kuingia Rawdha katika Msikiti wa Mtume, Madina. Makala haya yanadai kwamba hujaji wa Vitongoji si mtu huyo. Kwake yeye simu haikuondoa haja ya kuongozwa. Imemwongezea watu wa kuwategemea, na utegemezi huo mpya haujapata usimamizi unaostahili.

Vitongoji iko mashariki ya mji wa Chake Chake, kisiwani Pemba. Fedha ya hija huko hudundulizwa kwa miaka mingi, kutoka shambani, baharini na kwenye mwani, na mara nyingi hukamilishwa na watoto walioko Unguja, Dar es Salaam au Muscat. Anayeondoka basi ni mtu mzima, pengine mzee kabisa. Amepita chuoni, Qur-ani anaisoma, lakini maelekezo ya Kiingereza kwenye kioo kidogo si mambo yake. Mfukoni ana simu ya kitochi. Simu janja iliyomo nyumbani ni ya mjukuu, na ni mjukuu anayejaza fomu, anayepiga picha ya pasi na kuituma.

Hapo ndipo udhaifu wa kwanza unapoonekana. Ikiwa akaunti imefunguliwa kwa namba ya mjukuu, ujumbe wenye tarakimu za uthibitisho utaingia kwenye simu ya mjukuu, naye yuko Vitongoji, pengine amelala, wakati babu amesimama Madina. Kikwazo hiki hakihusiani na imani wala elimu ya babu. Kinatokana na kifaa kilichodhani kwamba mwenye jina na mwenye simu ni mtu mmoja.

Hata hivyo, matumizi yenye uzito zaidi ya simu huanza kabla ya safari, katika jambo ambalo watengenezaji wa programu hawakulifikiria: kuomba radhi. Desturi ya pwani yetu ni kwamba mwenye kwenda hija huzunguka kwa jamaa na majirani, hulipa madeni, hurejesha amana, na kumwomba kila mmoja amsamehe alipomkosea. Leo mengi ya hayo hupita kwa wasapu. Ujumbe wa sauti hurekodiwa mara moja na kusambazwa kwenye kundi la ukoo, na baada ya muda mfupi majibu yanamiminika: tumekusamehe, nasi tuombee.

Sikubaliani na wanaolipinga jambo hili moja kwa moja. Familia za Pemba zimetawanyika. Kuna ndugu wa Muscat na Mombasa ambao mzee hawezi kuwafikia kwa miguu, na sauti yake mwenyewe, yenye mtetemo wake, ina heshima kuliko salamu za kupelekewa na mtu. Lakini haki za waja zina hukumu yake. Toba ya kosa lililomgusa mtu haitimii mpaka haki ya mtu huyo irudishwe au aisamehe mwenyewe, na anayesamehe anapaswa kujua anasamehe nini. Aliyesogeza mpaka wa shamba la jirani hajatoka katika dhima kwa sababu jirani huyo naye yumo kwenye kundi lenye watu mia mbili. Kwa aliye mbali simu ni rukhsa njema. Kwa wa mlango wa pili si badala ya kubisha hodi.

Tukifika Makka, mambo hubadilika, na hapa lazima tuseme wazi kwamba kibali na kadi si urasimu mtupu. Katika hija ya mwaka 2024 joto katika Msikiti Mtukufu lilifika nyuzi 51.8 za Selsiasi. Serikali ya Saudi Arabia ilitangaza vifo 1,301, na ikasema asilimia 83 ya waliofariki hawakuwa na vibali na walitembea masafa marefu juani bila kivuli. Asiye na kibali hakuwa na haki ya hema wala basi lenye ubaridi. Mwaka huohuo ndipo ilipoanza kutumika kadi ya Nusuk, inayovaliwa au kuchukuliwa na kila hujaji na kusomwa kwa mashine.

Kadi hiyo ina sifa ambayo wachambuzi wengi wameipita. Haimtaki mwenye nayo ajue kuisoma. Mina kuna mahema zaidi ya laki moja yanayofanana, yaliyojengwa yasishike moto baada ya ajali ya Aprili 1997 iliyoua watu zaidi ya 300. Bibi kutoka Vitongoji akitoka kuchukua udhu na asijue alikotokea, ramani ya simu haitamsaidia kama hajui kuitumia. Kadi shingoni inamsemea: mlinzi asiyejua neno moja la Kiswahili anaisoma na kujua ni wa kambi gani. Ndiyo maana nasema teknolojia inayomfaa hujaji wetu ni ile inayomweleza kwa wengine, au inayosema naye kwa sauti. Mfano wa hii ya pili ni khutba ya Arafa: mwaka 2022 lugha za tafsiri yake ya papo hapo ziliongezwa hadi 14, na Kiswahili kikawa miongoni mwake. Mzee aliyekuwa akiisikiliza khutba hiyo bila kuifahamu sasa anaweza kuwekewa kisikilizi sikioni akaielewa.

Katika ibada yenyewe ya mwili, nafasi ya kifaa ni ndogo, na inafaa ibaki ndogo. Wapo wanaohesabu mizunguko ya tawafu kwa programu au kihesabio cha kidoleni. Si kosa. Ila kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi Pemba, mwenye shaka kama amezunguka mara sita au saba hushika sita, kwa kuwa hiyo ndiyo yakini, akaongeza mmoja. Kanuni hii humtosha asiye na kifaa chochote. Mjadala wa Jiwe Jeusi la mtandaoni, uliozuka baada ya mradi wa Desemba 2021 huko Makka wa kulionesha Jiwe hilo kwa uhalisia pepe, hauhitaji maneno mengi: Diyanet, mamlaka ya masuala ya dini ya Uturuki, ilisema mapema 2022 kwamba ziara ya namna hiyo haiwi hija, na sijui mwanazuoni wa pwani atakayedai vingine.

Linalohitaji maneno ni la wanawake. Saa za Rawdha hutengwa, za wanaume mbali na za wanawake mbali. Kiongozi wa msafara akiwa mwanamume, na vibali vyote vimo katika simu yake, wanawake wa msafara huo hufika mlangoni bila mtu wa kuonesha kibali. Kila msafara ungepaswa kuwa na mwanamke aliyefunzwa kazi hiyo, anayetambulika kwa wenzake kabla ya kupanda ndege.

Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ya Zanzibar, iliyopo kwa Sheria namba 2 ya mwaka 2007, na taasisi za hija zinazofanya kazi nayo, zina uwezo wa kurekebisha haya bila gharama kubwa. Darsa za manasiki zirekodiwe kwa sauti, kwa Kiswahili, vipande vifupi vinavyochezeka hata katika simu ya kitochi yenye kadi ya kumbukumbu. Akaunti ifunguliwe kwa namba ya laini atakayosafiri nayo hujaji. Picha za pasi zisiachwe zikizagaa kwenye makundi ya wasapu; ni amana, na kiongozi aulizwe juu yake kama anavyoulizwa juu ya fedha. Na mjukuu aitwe darsani akae pamoja na babu yake, ili anayebonyeza ajue anachokibonyezea.