Furaha ya Watu wa Kale, Usukuma na Uingereza



Nilipokuwa kijana shuleni, mwalimu wetu mmoja alituambia kwamba wazee wetu, kabla ya kujua kusoma, hawakuijua furaha. Walijua pombe na kelele za ngoma tu. Sisi watoto wa Kisukuma tuliinamisha vichwa, wala hapana aliyejibu. Maneno yale yamekaa moyoni mwangu miaka mingi, na leo nataka tuyapime. Tuyapime kwanza kwa mambo ya kwetu, kisha kwa mambo ya Uingereza, kwa maana Waingereza nao walikuwa na wazee wao waliokuwa wapagani.

Bulyanhulu yajulikana sasa kwa mgodi wake, ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2001. Lakini kabla ya mgodi huo, watu wa nchi hii, kutoka Shinyanga hata Geita, walikuwa wakulima na wafugaji. Fikirini kaya ya mzee wa Kisukuma wa zamani. Kaya ilizungukwa na ua wa minyaa; ndani ya ua mlikuwa na nyumba, ghala za mtama na uwele, na zizi la ng'ombe. Jioni wanaume na vijana waliketi shikome, yaani penye moto, wakala pamoja na wageni wao. Hapo kijana alijifunza hadithi, vitendawili na habari za ukoo wake. Fisi alikuwa nje ya ua, na njaa ilikuwa nje ya ghala.

Furaha hiyo haikuja bure. Vijana wa kijiji walikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale, aliyewakusanya kwenda kulima shamba la mtu aliyehitaji msaada. Katika kilimo cha bugobogobo ngoma ilipigwa palepale shambani, na majembe yakapanda na kushuka pamoja kwa kufuata mlio wake. Ningi, yaani mtunga nyimbo, aliongoza, na wenzake wakaitikia. Aliyechoka alisaidiwa na wimbo, na aliyekuwa mvivu alionekana mara moja, maana jembe lake lilichelewa.

Baada ya mavuno, nchi ilipokauka na ghala kujaa, ndipo ulipofika wakati wa mbina, yaani ngoma kubwa za mashindano. Katika karne ya 19 walikuwako mabingwa wawili wa ngoma, Ngika na Gumha. Kwa mashindano yao vilitokea vyama viwili, Bagika na Bagalu, navyo vipo mpaka leo. Desturi yao ni hii: vyama viwili hucheza wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na watazamaji huenda wanakopendezwa. Chama kilichovuta watu wengi ndicho kilichoshinda. Hapana mfalme wa kuamua. Waamuzi ni watu wenyewe, nao huamua kwa miguu yao.

Sitawaficha kwamba ulikuwako uovu pia. Wachezaji walitafuta dawa za kuvuta watu, walishukiana uchawi, na wivu uliingia kati yao. Walakini mchezo wenye kanuni, vyama na waamuzi hauwezi kuitwa kelele tu.

Sasa twende Uingereza. Waangli na Wasaksoni waliingia kisiwa kile kutoka ng'ambo ya bahari katika karne ya 5. Walikuwa na herufi zao zilizoitwa runi, zenye mistari iliyonyoka, kwa sababu zilichongwa juu ya mti, mfupa na jiwe. Kila runi ilikuwa na sauti yake, na pia jina lenye maana. Ya kwanza iliitwa feoh, maana yake ng'ombe, na tena maana yake mali. Msukuma hahitaji kufasiriwa jambo hilo! Nyingine, yenye sauti ya W, iliitwa wynn, na maana yake ni furaha.

Liko shairi la kale linaloeleza runi hizo moja moja. Liliandikwa wakati Waingereza wamekwisha kuwa Wakristo, lakini majina ya runi ni ya zamani zaidi. Kwa shairi hilo, mwenye furaha ni yule ambaye huzuni imemwepuka, aliye na vya kumtosha, tena anakaa mahali penye boma. Angalieni, wasikilizaji: vya kutosha, na boma. Je, hizo si ghala na ua wa minyaa?

Bede, mtawa aliyemaliza kuandika historia ya Waingereza mwaka 731, asimulia habari za baraza la mfalme Edwin mwaka 627, waliposhauriana kama wapokee Ukristo. Mshauri mmoja alifananisha maisha ya mtu na shomoro anayepita ndani ya ukumbi wa mfalme wakati wa baridi. Nje ni dhoruba na theluji. Ndani ni moto, chakula na wenzi. Shomoro huingia kwa mlango mmoja, akatoka kwa mwingine. Mtu yule alikuwa angali mpagani, naye aliijua furaha vizuri, tena alijua kwamba ni fupi. Hata neno lao dream, ambalo kwa Kiingereza cha sasa ni ndoto, zamani zile lilikuwa na maana ya shangwe na muziki wa watu waliokusanyika.

Basi hukumu yangu ni hii. Watu wa kale, huko na huku, hawakudhani kwamba furaha ni kitu cha moyo wa mtu mmoja peke yake. Kwao furaha ilijengwa: kwa jembe, kwa ua, kwa moto, na kwa watu waliouzunguka moto huo. Mwalimu wetu alikosea.

Lakini yasikieni na mambo yaliyompata wynn. Waingereza walipochukua herufi za Kirumi waliendelea kuitumia runi hiyo kuandika W, hata karibu na mwaka 1300 ikaachwa kabisa. Na lile shairi la runi lilikuwa katika kitabu kimoja tu cha mkono, kikateketea kwa moto London mwaka 1731. Twalijua kwa sababu George Hickes alikuwa amelipiga chapa mwaka 1705. Miaka 26 tu iliokoa maneno ya wazee wao.

Nyimbo nyingi za baningi wetu hazijapata Hickes wao. Zimo vichwani mwa wazee, na kila mzee akifa, kitabu kimoja kimeungua. Kwa hiyo nawaomba ninyi wanafunzi, jioni hii chukueni daftari na kalamu, mkaketi na babu au bibi. Mwulizeni: Wimbo huu aliutunga nani? Uliimbwa shamba gani, na kwa ajili ya nini? Yaandikeni kama atakavyoyasema, kwa Kisukuma chake, msibadili neno.

Kwaherini.