Muziki wa Mwaka Mpya na Kitabu cha Ndoa

Tarehe 1 Januari, tukitoka Misa ya Maria Mama wa Mungu, tunasalimiana, tunakula pamoja, na mwenye radio anaifungua. Mwaka Mpya ni siku ya radio: salamu za jamaa, nyimbo, michezo ya kuchekesha, maneno ya wakubwa. Siku hiyo, saa tano na robo ya asubuhi kwa saa ya Vienna, mji mkuu wa Austria, yaani saa sita na robo ya mchana kwetu Lubumbashi, inaanza konserti inayosikilizwa katika nchi zaidi ya 90, kwa radio na kwa televisheni. Pengine wasomaji wetu wengine wameisikia bila kujua jina lake.

Wapigaji ni orkestra ya Vienna iliyoanzishwa mwaka wa 1842. Wanapiga katika Ukumbi wa Dhahabu uliofunguliwa siku ya Epifania ya mwaka wa 1870. Muziki wao wa siku hiyo si wa kuumiza kichwa. Ni valsi, dansi ile ya watu wawili wawili wakizunguka kwa hesabu ya tatu, na polka, dansi ya mbio. Nyingi zimetungwa na jamaa moja, jamaa ya Strauss: baba Johann, aliyezaliwa mwaka wa 1804, na wanawe watatu, Johann wa pili, Josef na Eduard. Johann wa pili ndiye mwenye sifa kuliko wote.

Karibu na mwisho wa konserti kuna desturi inayopendwa sana. Wapigaji wanaanza polepole valsi ya mto Danube, iliyosikika mara ya kwanza mwaka wa 1867. Watu wanaitambua, wanapiga makofi. Hapo kiongozi anakatiza muziki, anageuka, na wote pamoja wanawatakia wasikilizaji mwaka mwema. Kisha valsi inaanza tena. Baada yake unakuja wimbo wa mwendo wa askari, uliotungwa na Strauss baba mwaka wa 1848 kwa heshima ya mkubwa wa jeshi Radetzky, na watu wote ukumbini wanapiga makofi kwa mapigo yake. Hata mtoto aliye karibu na radio anapiga pia. Tumeviona vitu hivyo.

Basi, desturi nzuri kama hii, mtu angefikiri imetoka kwa wazee wa zamani sana. Sisi pia tulifikiri hivyo. Kumbe sivyo. Ilianza tarehe 31 Desemba 1939, na ilianza katika giza.

Mwaka wa 1938, mwezi wa Machi, Hitler aliingiza jeshi lake Austria na kuiunga na Udachi. Mara moja Wayahudi walianza kufukuzwa kazini, na wale wa orkestra vilevile. Arnold Rosé alikuwa mpigaji fidla wa kwanza tangu mwaka wa 1881. Miaka 57 alikaa katika kiti kile kile. Alitolewa kama mtu wa jana. Alikimbilia London, akafa huko mwaka wa 1946. Wenzake wengine hawakuwahi kukimbia. Wapigaji watano wa orkestra hiyo walikufa katika kambi na mitaa ya kufungia Wayahudi. Wawili wengine walikufa Vienna kwenyewe katika dhiki hiyo ya kuwindwa. Tisa walikwenda uhamishoni. Viti vyao havikukaa vitupu: vilijazwa, na muziki ukaendelea. Hata mwaka wa 1942, katika wapigaji 123, wapata 60 walikuwa wameandikwa katika chama cha Hitler.

Katika hali hiyo, miezi minne tu baada ya vita kuanza, Clemens Krauss aliongoza konserti ya nyimbo za Strauss peke yake. Fedha zilikwenda kwa mchango wa vita wa wakati wa baridi. Mwaka mmoja ulipita, ndipo ikawekwa tarehe 1 Januari 1941, na ikarudi kila mwaka mpaka 1945. Radio ya Wanazi ilikuwa inapenda muziki wa namna hii. Goebbels, waziri wao wa kueneza maneno, alijua kwamba watu wakipigwa mabomu na kupata habari za wana wao waliokufa vitani hawatasikiliza hotuba mchana na usiku. Aliagiza radio ipige muziki mwepesi, wa kutuliza watu na kuwarudisha kazini. Hivyo furaha yenyewe ilifanywa kuwa askari.

Lakini palikuwa na neno moja la kuwasumbua wakubwa hao. Linahusu kitabu cha parokia, na kwa hiyo tutakaa hapo kidogo.

Sisi watu wa parokia tunajua kitabu cha ubatizo na kitabu cha ndoa. Tunavijua wakati wa kuoa, padri anapouliza cheti, na pengine panya amekula karatasi ao mtu amebatizwa katika misioni ya mbali. Ni vitabu vya amani. Lakini wakati wa Wanazi vitabu hivyo viligeuzwa kuwa kisu. Sheria zao zilimtaka mtu aonyeshe kwamba wazazi na babu zake hawakuwa Wayahudi, na ushahidi mkubwa ulikuwa ubatizo na ndoa za zamani. Mapadri waliandika vyeti mpaka mikono ikachoka. Kwa mmoja cheti kilikuwa mkate, kwa mwingine kilikuwa kifo. Sisi wa upande huu wa Afrika hatuwezi kushangaa sana. Mwaka wa 1994, kwa jirani zetu wa Rwanda, neno moja katika karatasi ya kitambulisho lilitosha kumwua mtu barabarani.

Sasa, katika kitabu cha ndoa cha Kanisa Kuu la Mtakatifu Stefano huko Vienna, tarehe 11 Februari 1762, imeandikwa ndoa ya mtu aitwaye Johann Michael Strauss, mzaliwa wa Buda, Myahudi aliyebatizwa. Huyo ndiye babu wa Strauss baba. Kwa hesabu ya Wanazi, mtungaji wa Danube alikuwa Myahudi kwa sehemu moja ya nane. Goebbels alipashwa habari mwaka wa 1938, akaandika katika kitabu chake cha kila siku kwamba amekataza jambo hilo lisitangazwe. Alifahamu vizuri: wakianza kufukuza kila mwenye damu hiyo, watabaki bila muziki.

Angalieni namna walivyofanya. Mwaka wa 1941, mwaka ule ule konserti ilipoanza kupigwa tarehe 1 Januari, kitabu kilichukuliwa kutoka Vienna mpaka Berlin, katika ofisi ya serikali ya kuchunguza uzao wa watu. Kikapigwa picha ukurasa kwa ukurasa, lakini ndoa ya Strauss ikaachwa nje. Hata katika orodha ya majina, jina likaondolewa. Nakala hiyo ya uongo ikapelekwa kwa parokia. Kitabu cha kweli kikafungiwa katika nyumba ya serikali ya kuhifadhi maandishi.

Tumewaza sana juu ya jambo hili. Serikali yenye vifaru na ndege elfu na elfu iliogopa mistari michache ya padri aliyekufa karne mbili zilizopita. Tena haikukichoma kitabu. Walikiweka salama, kama mwizi anayeshindwa kutupa alichoiba. Na tazama upumbavu wa sheria ile: kwa damu hiyo hiyo jirani alipelekwa kambini, na Strauss alipigiwa makofi.

Tunasema jirani, na si kwa kupamba maneno. Arnold Rosé alikuwa na binti, Alma, naye mpigaji fidla. Mwaka wa 1932 alianzisha orkestra ya wasichana iliyotembea Ulaya ikipiga hasa valsi za Vienna. Alipokuwa akikimbia Wanazi alikamatwa Ufaransa, na mwezi wa Julai 1943 akafikishwa Auschwitz. Huko alipewa kazi ya kuongoza orkestra ya wanawake wafungwa. Walipiga wafungwa wenzao wakitoka kazini na wakirudi, na waliwapigia pia wakubwa wa kambi walipotaka kuburudika. Alma aliwafundisha kwa ukali, maana mpigaji aliyekuwa na kiti katika orkestra alikuwa na tumaini la kuishi, na wengi wao waliishi kweli. Yeye mwenyewe alikufa kwa ugonjwa humo kambini mwezi wa Aprili 1944. Basi tarehe 1 Januari 1944, orkestra ambayo baba yake aliitumikia miaka 57 ilikuwa inapiga Strauss Vienna, na yeye alikuwa Auschwitz, amevaa alama ya mfungwa. Hatuna neno la kuongeza hapo.

Vita vilipokwisha, Krauss alikatazwa kuongoza kwa muda. Konserti ya mwaka wa 1946, ya kwanza kuitwa rasmi Konserti ya Mwaka Mpya, iliongozwa na Josef Krips. Huyu alifukuzwa mwaka wa 1938 kwa sababu ya asili ya baba yake, na wakati wa vita alifanya kazi katika kiwanda cha vyakula. Aliongoza tena mwaka wa 1947. Kisha Krauss alirudi, akaendelea mpaka kufa kwake mwaka wa 1954 huko Mexico. Baada yake Willi Boskovsky, mpigaji fidla wa orkestra yenyewe, aliongoza miaka 25, fidla mkononi kama Strauss wa zamani. Mwaka wa 1959 televisheni iliingia ukumbini, na tangu hapo dunia nzima ilijifunza kuona maua na dhahabu. Juu ya asili ya konserti watu walinyamaza.

Kunyamaza huko kulikuwa na gharama. Baldur von Schirach, aliyetawala Vienna kwa jina la Hitler wakati maelfu ya Wayahudi walipopelekwa kufa, alipewa na orkestra pete ya heshima mwaka wa 1942. Baada ya vita alihukumiwa Nuremberg, akafungwa miaka 20. Alipotoka mwaka wa 1966 pete ile haikuwapo tena, na mtu wa orkestra akamletea nyingine. Aliyeileta alikuwa Helmut Wobisch, mpigaji tarumbeta, zamani mtu wa SS, ambaye baada ya vita alipanda mpaka kuwa msimamizi wa mambo ya orkestra. Jambo hilo lilijulikana wazi mwaka wa 2013 tu, orkestra ilipowaruhusu wataalamu watatu wa historia kufungua makaratasi yake na kutangaza waliyoyakuta, pamoja na majina ya waliofukuzwa na waliouawa. Mwaka huo huo orkestra ilifuta heshima zote ilizowapa wakubwa wa Wanazi. Miaka 68 baada ya vita! Tunaona walichelewa mno. Hata hivyo waliochelewa wamesema, na si mashirika mengi yanayofungua sanduku lao wenyewe.

Wengine watauliza: sasa tuzime radio? Sisi hatuzimi. Strauss hakumfanyia mtu ubaya, na valsi haikuchagua nani aipige kambini na nani aipige ukumbini. Lakini hatuwezi tena kuisikiliza kama watu waliozaliwa leo. Tena tumeona kwamba desturi inaweza kubadilika. Januari 2005, siku chache baada ya bahari kuua watu wengi sana Asia, kiongozi Lorin Maazel aliuacha wimbo wa Radetzky, maana haikufaa kupiga makofi. Januari 2021, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, ukumbi ulikuwa mtupu. Riccardo Muti aliongoza mbele ya viti, na wasikilizaji wote walikuwa mbali, kwa radio na televisheni. Mwaka wa 2020 noti za Radetzky zenyewe zilibadilishwa. Zile zilizotumika miaka mingi zilipangwa na Leopold Weninger, mtu wa chama cha Hitler, na orkestra ilijitengenezea nyingine. Wimbo ni ule ule. Makofi pia.

Na kitabu cha ndoa? Baada ya vita kilitolewa katika nyumba ile kilimofungiwa, kikarudishwa kwa parokia ya Mtakatifu Stefano. Ndoa ya tarehe 11 Februari 1762 imo mahali pake, Johann Michael Strauss na mke wake Rosalia, katikati ya ndoa za watu wengine wa Vienna.