Shabani Nonda: mtoto wa ziwa aliyejua kungojea zamu yake

Nyamianda, Uvira. Ukitaja jina la Shabani Nonda mbele ya wapenzi wa mpira katika pwani hii ya kaskazini ya ziwa Tanganyika, jiandae kwa ubishi. Mrundi atakuambia ni wao, kwa sababu alizaliwa Bujumbura tarehe 6 Machi 1977. Mkongomani atajibu kwamba jezi aliyoivaa mbele ya mataifa ni ya Leopards. Kila mmoja ana haki yake, kwani kati ya Uvira na Bujumbura ni mto Ruzizi na kipande cha barabara. Usiku taa za mji mmoja zinaonekana katika mji mwingine, na jamaa wa ukoo mmoja wanaishi pande zote mbili za mpaka.

Vijana wa leo walikuwa bado watoto Nonda alipokuwa anafunga magoli, na wengine hawajazaliwa. Wanawajua wachezaji wa sasa kupitia simu. Kwa hiyo ni vizuri wasikilizaji, hasa familia zilizohama makwao na kulazimika kuanza upya mahali pengine, wasimuliwe tena safari ya mchezaji huyu. Sifa ya magoli yake inajulikana. Kinachosahaulika ni mara ngapi alilazimika kuanza chini, mbele ya watu wasiomjua au waliokuwa na sababu ya kumtilia mashaka.

Kutoka ziwani hadi Ulaya

Nonda alikuwa kijana wa miaka 16 wakati Rais Melchior Ndadaye alipouawa mjini Bujumbura, Oktoba 1993. Vita vilivyofuata nchini Burundi vilidumu zaidi ya miaka kumi. Wazee wa Uvira wanazikumbuka siku hizo, kwa sababu maelfu ya watu walivuka Ruzizi na kuja upande wetu wakiwa na magodoro vichwani. Miaka mitatu baadaye, 1996, vita viliwaka huku kwetu, na safari hii watu walikimbia kutoka upande wetu.

Katikati ya miaka hiyo ya 1990 Nonda alikuwa Dar es Salaam, akiichezea Young Africans, timu ambayo Watanzania wanaiita Yanga. Yanga iliundwa mwaka 1935, na mashabiki wake hawana subira. Mchezaji mgeni akikosa goli mbele ya Simba, mji mzima utalizungumza wiki nzima. Kwa kijana aliyetoka ziwani, ilikuwa shule ngumu.

Kutoka Tanzania alikwenda Afrika ya Kusini, katika timu ya Vaal Professionals, kisha akavuka bahari hadi Uswisi, FC Zürich. Fikiria mabadiliko hayo: ndani ya miaka michache tu, lugha mpya, baridi ambayo mtoto wa Tanganyika hajawahi kuiota, na kila mahali watu wanaouliza huyu ametoka wapi. Jibu alilitoa uwanjani. Katika msimu wa 1997-1998 alimaliza akiwa mfungaji bora wa ligi ya Uswisi. Mwaka 1998 Rennes ya Ufaransa ikamchukua, na kwa misimu miwili aliifungia magoli takriban 30 ya ligi.

Viatu vya Trezeguet

Mwaka 2000 Monaco ilimnunua kwa pesa nyingi sana. Hapo ndipo ugumu wa aina nyingine ulipoanza. Monaco ilikuwa bingwa wa Ufaransa, na mshambuliaji wake David Trezeguet alikuwa ameondoka kwenda Juventus. Trezeguet ndiye aliyefunga goli la dhahabu lililoipa Ufaransa Kombe la Ulaya dhidi ya Italia, tarehe 2 Julai mwaka huohuo. Kuingia nafasi ya mtu kama huyo si kazi ndogo. Kila goli unalokosa, watu watasema yule mwingine angelifunga.

Tena timu yenyewe ikaporomoka. Bingwa wa mwaka 2000 alimaliza nafasi ya 11 katika msimu uliofuata, na ya 15 katika msimu wa 2001-2002. Timu ikifanya vibaya, mchezaji wa bei kubwa ndiye wa kwanza kunyooshewa kidole, hata kama kosa si lake peke yake. Kocha Didier Deschamps, aliyefika mwaka 2001, alikuwa bado anaijenga timu.

Nonda hakuondoka. Katika msimu wa 2002-2003 alifunga magoli 26 katika ligi ya Ufaransa na kuwa mfungaji bora, mbele ya Mreno Pauleta. Monaco ilimaliza ya pili, pointi moja tu nyuma ya Lyon, na mwezi Mei 2003 ikatwaa Kombe la Ligi kwa kuifunga Sochaux 4-1. Misimu miwili ya mashaka ilikuwa imejibiwa.

Wakati Uvira ilisikiliza kwa redio

Kabla ya kuendelea, inafaa kukumbuka hali ya kwetu katika miaka hiyo. Mwezi Januari 2002 Leopards walikwenda Mali kwa ajili ya CAN, na Nonda alikuwa miongoni mwao. Kongo ilikuwa imegawanyika vipande. Uvira ilikuwa mikononi mwa waasi wa RCD tangu mwaka 1998, na Kinshasa ilikuwa upande wa serikali. Mtu wa Uvira aliyetaka kwenda Kinshasa ilimbidi azunguke nchi za watu.

Lakini timu ilibaki moja. Leopards waliifunga Côte d'Ivoire 3-1, wakavuka kundi lao nyuma ya Kamerun, kisha wakatolewa na Senegali 2-0 katika robo fainali. Kwa dakika 90 redio ilitaja jina la nchi moja, wala si la eneo la huyu au la yule. Na mmoja wa waliobeba jina hilo alikuwa mtu aliyezaliwa ng'ambo ya mpaka, ambaye kisheria na kimaisha angeweza kuhesabiwa huku au kule. Kwa watu wa pwani hii, ambao mara nyingi huulizwa wao ni wa wapi hasa, jambo hilo halikuwa dogo.

Goti, benchi, na dakika ya 83

Mwanzoni mwa msimu wa 2003-2004, akiwa ndio kwanza ametoka kuwa mfungaji bora, Nonda aliumia goti vibaya. Jeraha kubwa la goti ni kitu kinachoogopwa na kila mchezaji. Ukishapasuliwa, unaanza na mambo ya mtoto mdogo: kukunja mguu, kusimama, kutembea, kupanda ngazi. Mbio zinakuja baadaye, na kuupiga mpira kwa nguvu baadaye zaidi. Miezi inapita, na wakati huo wote timu inacheza bila wewe.

Monaco ilicheza vizuri sana bila yeye, na huenda hilo ndilo lilikuwa gumu zaidi. Ilimwazima Fernando Morientes kutoka Real Madrid. Mwezi Novemba 2003 iliifunga Deportivo La Coruña 8-3, na Dado Pršo peke yake alifunga magoli manne. Kisha ikaitoa Real Madrid yenyewe katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Mtu aliyefunga magoli 26 mwaka uliopita alikuwa anatazama wenzake wakipanda mlima bila kumhitaji.

Tarehe 20 Aprili 2004 Monaco iliikaribisha Chelsea katika nusu fainali. Ilikuwa 1-1 wakati Akis Zikos alipopewa kadi nyekundu mwanzoni mwa kipindi cha pili. Wachezaji kumi dhidi ya kumi na mmoja: makocha wengi wangefunga mlango na kulinda sare. Lakini Morientes alifunga la pili dakika ya 78, na Deschamps akamwingiza Nonda, ambaye ndio kwanza alikuwa anarudi kutoka katika maumivu. Muda mfupi tu baada ya kuingia, dakika ya 83, Nonda alifunga la tatu. Mechi ikaisha 3-1.

Goli hilo lilikuwa na uzito mkubwa. Katika marudiano mjini London timu zilitoka 2-2, na Monaco ikafika fainali. Tarehe 26 Mei, mjini Gelsenkirchen, Porto ya José Mourinho ilishinda 3-0. Nonda aliingia akitokea benchi, lakini safari hii hakukuwa na la kuokoa. Hata hivyo mtoto wa Tanganyika alikuwa amecheza fainali kubwa kuliko zote za vilabu Ulaya, miezi michache baada ya kujifunza upya kutumia mguu wake.

Istanbul, mwaka wa 2008

Hadithi nyingi zingeishia hapo. Yake haikuishia, wala haikunyooka. Mwaka 2005 alikwenda Roma, ambako nafasi ya kucheza ilikuwa finyu. Akaazimwa kwa Blackburn ya Uingereza kwa msimu mmoja. Mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka 30, akafika Galatasaray ya Uturuki. Umri huo kwa mshambuliaji ambaye goti lake lilishaumia ni umri wa kuulizwa kama bado anaweza.

Mjini Istanbul, mashabiki wa Galatasaray wana mtihani mmoja kwa kila mgeni: umefanya nini dhidi ya Fenerbahçe? Tarehe 27 Aprili 2008 timu hizo zilikutana zikigombea ubingwa, zimebaki wiki chache ligi iishe. Ilikuwa 0-0 hadi karibu na mwisho. Nonda akafunga, Galatasaray ikashinda 1-0, na mwezi uliofuata ikawa bingwa wa Uturuki. Kwa mashabiki hao, goli la namna hiyo halina deni tena. Alibaki huko hadi mwaka 2010.

Mafunzo kwa wa kwetu

Mtu anaweza kusema Nonda alikuwa na kipaji, na kipaji hakigawiwi kwa kila mtu. Ni kweli. Lakini kipaji peke yake hakielezi miaka ya Monaco. Mwaka 2001 kipaji chake kilikuwa kilekile cha mwaka 2003. Kilichobadilika ni kwamba hakukimbia lawama, na timu iliyomzunguka ilipata muda wa kujengwa. Vilevile mwaka 2004 hakuwa na nguvu ya kucheza dakika 90. Alikuwa na dakika chache, na alikuwa tayari zilipofika.

Hilo linawahusu pia wale wanaosikiliza wakiwa mbali na nyumba zao. Mwezi Februari 2025, wakati makumi ya maelfu ya Wakongomani walivuka kwenda Burundi kwa sababu ya vita, wengi wao walipokelewa kwanza katika uwanja wa mpira wa Rugombo, mkoani Cibitoke. Mahali pa kuchezea pakawa mahali pa kulala. Hakuna mchezaji anayeweza kufuta uchungu huo, na si haki kumwambia mama aliyelala na watoto kwenye nyasi kwamba avumilie tu kama mchezaji. Uvumilivu wa Nonda ulikuwa na daktari, mshahara na kocha aliyemngojea. Wanaohama nao wanahitaji wa kuwangojea: shule inayompokea mtoto katikati ya mwaka, jirani asiyemwita mgeni, kiongozi anayeandika jina lake vizuri kwenye orodha.

Na kwa vijana wanaocheza Nyamianda, Kavimvira, Mulongwe na Kalundu, au katika makambi ng'ambo ya Ruzizi: mwenzenu aliyekaa pembeni kwa sababu ya mguu, au aliyefika juzi na bado hamjui jina lake, mwekeeni nafasi. Huenda ni yeye mtakayemhitaji dakika ya 83.