Kinamasi cha Kirua na Maji ya Chanika

Asimamaye Chanika, katikati ya mji wa Handeni, haoni mto. Nchi hii ya Wazigua ina mvua haba, tena isiyo na ahadi, na kwa muda mrefu wenyeji wake wameishi kwa malambo, visima na vijito vya msimu. James Giblin, katika kitabu chake juu ya historia ya mazingira ya sehemu hizi, ameonyesha kuwa njaa ya miaka ya 1894 hadi 1896 haikuletwa na ukame na nzige peke yao. Wakubwa waliokuwa wakiweka akiba na kuwagawia watu walikuwa wamepungukiwa na uwezo chini ya Wajerumani. Nalitaja jambo hilo kwa kuwa maji nayo yana mgawaji wake.

Katika miaka ya 1970 dawa ya kiu ya Handeni ilitafutwa mbali na Handeni. Maji yalivutwa kutoka mto Pangani, upande wa Korogwe, yakasukumwa kwa mabomba hadi huko; ndio mradi ujulikanao kwa herufi HTM. Tangu hapo ndoo ya mama wa Chanika imefungamana na mto utokao Kilimanjaro na Meru.

Na huko juu mto ulikuwa umekwisha kubadilishwa. Bwawa la Nyumba ya Mungu lilijengwa katika miaka ya 1960, yakutanapo maji ya Kikuletwa na Ruvu, ili kuzuia mafuriko na kuyaweka akiba kwa mitambo ya umeme, ya pale pale na ya huku chini. Baada ya bwawa hilo mto huingia kinamasi cha Kirua. Zamani masika yalipozidi, maji yalitanda humo, samaki wakazaa kati ya mafunjo, mkulima akapanda katika udongo wenye unyevu, na mfugaji akapata majani wakati wa kiangazi. Mafuriko yalipofungiwa nyuma ya ukuta, kinamasi kilinywea. Mhandisi wa umeme hakuiona hasara hiyo, maana kwake maji yapaayo hewani juu ya mafunjo ni nguvu iliyopotea. Sioni haki kumcheka. Hesabu yake ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa na safu moja tu.

Safu nyingine ziliandikwa katika muongo wa kwanza wa karne hii. Ofisi ya Maji ya Bonde la Pangani, iliyoundwa mwaka 1991, ikisaidiwa na shirika la uhifadhi la IUCN, ilikusanya wataalamu wa maji, wa samaki, wa mimea na wa uchumi, Watanzania pamoja na wenzao wa Afrika ya Kusini. Walipima mto, wakachunguza viumbe vyake, wakatazama riziki za watu wauishio. Kisha wakaeleza: maji kiasi hiki yakiachwa yapite, umeme utakuwa hivi, mashamba hivi, Kirua hivi, na mlango wa mto baharini hivi. Uamuzi waliwaachia wenye mamlaka, nami naona hilo ndilo jema lao kubwa. Kumbe kukihuisha kinamasi si kupanda miti tu. Hapana budi lango la bwawa lifunguliwe kwa msimu wake, na mtu fulani, mwenye mtambo au mwenye mfereji, apungukiwe.

Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka mahitaji ya lazima ya binadamu mbele, na ya mazingira baada yake, Sheria Na. 11 ya mwaka 2009 ikaitia nguvu. Katika karatasi, basi, mama wa Chanika ndiye wa kwanza, mafunjo ya Kirua yu nyuma yake, na umeme na mashamba makubwa hufuata. Lakini lango la Nyumba ya Mungu halifunguliwi na karatasi.

Mwaka 2022 ilitiwa saini mikataba ya mradi wa maji wa Miji 28, kwa mkopo kutoka India, na Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani zimo. Chanzo chao ni mto ule ule. Kipimo cha maji yapitayo kati ya Nyumba ya Mungu na Korogwe ndicho kitakachosema kama yaliyomo mtoni yamtosha samaki wa Kirua.