Jina la Paa

Niliwaambia watoto wa Darasa la Tatu wamchore paa wa hadithi niliyokuwa nimewasimulia, na mmoja wao akachora nyumba. Ilikuwa nyumba nzuri ya matofali, mlango wa bluu, na juu yake bati la mistari. Lile bati lilikuwa na macho na mdomo. Nilipomuuliza, alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la wazi.

"Si umesema paa alikuwa anaongea, Mwalimu?"

Shule hiyo iko upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, juu ya Mkuyuni, kwenye njia ya kwenda Kinole, mahali ambapo ndizi, iliki na karafuu hushuka kwa vichwa vya akina mama na kwa bodaboda. Nyumbani watoto huongea Kiluguru. Paa mnyama hawajawahi kumwona. Paa la nyumba wanalijua vizuri, hasa linalovuja. Na kwa kuwa katika hadithi kila kinachoongea hugeuka mtu, yule mtoto hata kisarufi hakukosea sana. Aliyekosea ni mimi, niliyepanda mlimani na hadithi ya Unguja mkononi bila kujiuliza imesafiri vipi mpaka kunifikia.

Nilikuwa nimekwenda kwa wiki sita, kwa ajili ya utafiti wa shahada ya uzamili. Swali langu lilikuwa dogo: mtoto anayeweza kutamka silabi zote lakini haelewi alichosoma, je, hadithi anayoijua tayari inaweza kumvusha? Kiswahili kina baraka moja kwa mwalimu: kinaandikwa kinavyotamkwa. Mtoto akishika ba, be, bi, bo, bu, baada ya muda anasoma chochote. Baraka hiyohiyo ndiyo mtego. Darasani kwangu walikuwapo watoto waliosoma ukurasa mzima kwa sauti ya kuimba, wakafika nukta ya mwisho, na ukiwauliza nani alikwenda sokoni, wanaangalia chini. Nilidhani nauliza swali la ufundishaji. Nikajikuta katika historia.

Hadithi yenyewe ni ya Sultani Darai. Maskini anayechakura jaani anaokota thumni, na badala ya kununua chakula ananunua paa. Watu wanamcheka. Lakini paa huyo anaongea, tena ana akili kuliko bwana wake. Anapata almasi, anaipeleka kwa sultani, anamposea bwana wake binti wa sultani, anamuua nyoka wa vichwa saba na kumrithisha bwana wake nyumba ya nyoka huyo. Kisha paa anaugua. Anaomba kitu kidogo tu cha kumponya, na bwana wake, ambaye sasa ni tajiri, anaagiza apewe chakula duni cha mtama. Mke anamsihi mumewe, hasikii. Paa anafariki, anatupwa kisimani. Asubuhi bwana anaamka yuko jaani tena, anachakura.

Aliyeichapisha ni Edward Steere, Mwingereza aliyefika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer wa misheni ya UMCA. Kitabu chake, Swahili Tales, kilitoka London mwaka 1870, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa wa pili. Jina lake limo kwenye jalada. Waliosimulia, hapohapo kwenye jalada, wanaitwa kwa jumla: wenyeji wa Unguja.

Simwandiki Steere kwa ubaya. Alisikiliza, na wengi wa wakati wake hawakusikiliza. Hadithi hizo zilimfundisha lugha, na lugha hiyo aliirudisha shuleni. Mwaka ule wa 1864 Sultani Majid aliwakabidhi wamisionari wavulana watano waliookolewa kutoka jahazi la watumwa. Hao ndio walikuwa mwanzo wa shule ya misheni, ambayo baadaye ilikaa Kiungani. Wawili kati yao, John Swedi na George Farajallah, walipewa daraja la ushemasi mdogo mwaka uleule wa 1870. Misheni ilikuwa na mtambo wa kuchapa, na vijana wa shule walifundishwa kupanga herufi za risasi moja moja.

Hapo ndipo nilipoacha kusoma kwa haraka. Vijana wengi wa Kiungani hawakuzaliwa na Kiswahili. Walitekwa bara, wakavushwa bahari, na lugha ya kisiwa wakaijifunza wakiwa tayari wamepoteza nyumba. Kwa hiyo miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kusoma Kiswahili kwa herufi za Kirumi walikuwa watoto wenye lugha nyingine kinywani, kama huyu wangu aliyechora bati.

Kutoka hapo njia ya kuja mlimani haikuwa ndefu. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulikubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, chini ya Frederick Johnson. Shule zikahitaji vitu vya kusoma, na njia ya mkato ilikuwa kusimulia upya vya wengine. Johnson mwenyewe alishiriki kutafsiri riwaya za Kiingereza. Mwaka 1940 Alice wa Lewis Carroll akawa Elisi, na katika michoro akawa msichana wa Kiafrika. Hadithi zilivishwa nguo za hapa na kuingizwa darasani.

Si mtindo wa wakoloni peke yao. Mtanzania aliyesoma shule ya msingi miaka ya vitabu vya Tujifunze Lugha Yetu atakuimbia hata leo shairi la sungura aliyezitamani ndizi, akaruka akaruka, akashindwa, akaondoka akizisingizia kwamba ni mbichi. Wachache wanajua kwamba sungura huyo, katika ngano za Aesop, alikuwa mbweha, na ndizi zilikuwa zabibu. Aliyefanya badiliko hilo alijua kazi yake. Mtoto wa Kinole hajui mzabibu. Mgomba uko nyuma ya jiko lao.

Basi nilijaribu hivyohivyo. Siku ya kwanza nilisimulia tu, bila kitabu. Nikasema "Hadithi, hadithi!" na darasa likaitikia kwa kishindo kilichomleta mwalimu wa jirani mlangoni. Siku ya pili walisimuliana wawili wawili, kwa lugha yoyote. Hapo niliona aibu yangu ya zamani ikiinuka. Shule niliyosoma mimi, aliyeongea Kiluguru alivishwa kibao shingoni mpaka amnase mwenzake. Nilivaa kibao kile siku nyingi. Kwa dakika tano nilizunguka kati ya madawati nikijizuia kusema "ongeeni Kiswahili," na katika dakika hizo nikamsikia mtoto ambaye sikuwahi kusikia sauti yake akimsimulia mwenzake safari nzima ya paa, na nyoka, na vichwa vyote saba.

Siku ya tatu walinitajia sentensi kwa Kiswahili nami nikaziandika kwenye karatasi ya manila. Tukazikata, tukazichanganya, wakazipanga upya. Walizisoma bila kuimba, kwa sababu walikuwa wanatafuta: nyoka hawezi kufa kabla hajatokea. Siku ya nne waliandika mwisho wao wenyewe.

Wiki iliyofuata niliwasimulia ndugu wa mbali wa paa: paka mwenye viatu vya buti, aliyeandikwa na Charles Perrault, Mfaransa, mwaka 1697. Naye anamtafutia bwana maskini mke wa kifalme na jumba la zimwi. Tofauti iko mwishoni. Paka wa Ufaransa anaishia kuwa bwana mkubwa, anawinda panya kwa kujifurahisha tu. Paa wa Unguja anaishia kisimani. Hadithi ya Perrault huanza na baba msaga unga anayefariki na kuwaachia wanawe watatu urithi: mkubwa kinu, wa pili punda, mdogo paka. Nilipofika hapo mkono mmoja ukanyooka.

"Kwa nini huyo mdogo hakwenda kwa mjomba wake?"

Darasa zima liliona ni swali la haki. Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na ardhi huenda hukohuko. Kijana aliyeachiwa paka na babake hajanyimwa kitu, bado hajaulizia kwao. Tulitumia kipindi kizima tukibishana, na wale wa macho chini walibishana pia. Jioni nilifungua daftari langu la utafiti, nikaandika: anayeelewa hadithi ni yule anayeweza kuikatalia. Sijaandika sentensi bora zaidi ya hiyo katika tasnifu yote.

Jumamosi moja niliteremka Matombo kwa Bibi, mzaa mama. Bibi alijifunza kusoma ngumbaru, katika kampeni iliyofuata tangazo la Mwalimu Nyerere kwamba 1970 uwe mwaka wa elimu ya watu wazima. Mtihani wa taifa wa 1975 ulionyesha asilimia 61 ya watu wazima walijua kusoma, na kufikia 1986 ilitajwa asilimia 90. Vitabu vya kampeni ile vilihusu kazi: kilimo bora cha pamba, cha migomba, uvuvi. Bibi aliweza kusoma namna ya kupanda mgomba, jambo alilolijua tangu utoto. Hadithi alizotusimulia jikoni hakuna aliyemwambia aziandike.

Nilimrekodi kwa simu akisimulia ya fisi na sungura, kwa Kiluguru. Niliigeuza Kiswahili, nikaiandika kwenye manila, darasa likaisoma na kuipenda. Niliporudi kwake nilimwonyesha picha ya karatasi ile. Alivaa miwani, akasoma taratibu, kidole kikifuata silabi kwenye kioo cha simu. Alicheka palepale alipotaka watu wacheke. Akafika chini kabisa, nilipokuwa nimeandika jina langu la ualimu.

"Hapa umeandika jina lako," akasema.

"Ndiyo, Bibi. Mimi ndiye niliyeandika."

"Sawa, mjukuu wangu. Na mimi niko wapi?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliniuliza kama mtu anayetafuta kikombe chake mezani. Nilikuwa nimekaa miezi nikisoma kuhusu jalada la 1870, nikiwahurumia wenyeji wa Unguja walioingia kwa jumla, na karatasi yangu haikumtaja hata kama mwenyeji wa Matombo. Paa ndiye aliyeleta almasi. Paa ndiye aliyemuua nyoka. Nyumba imeandikwa jina la bwana.

Nililirekebisha lile karatasi Jumatatu. Lakini jambo halikuisha, kwa sababu kulikuwa na watoto. Kanuni za utafiti zinanitaka nifiche majina yao, na msimamizi wangu yuko sahihi kunikumbusha: ni watoto, walinipa maandishi yao wakiniamini, na hakuna ajuaye karatasi itafika wapi. Kwa hiyo katika tasnifu yumo Mwanafunzi wa 14, na Mwanafunzi wa 31. Kanuni hii inawalinda, nami naitii. Ila nikiusoma ukurasa ule naliona jalada la Steere, na safari hii ni mimi niliyelipanga.

Tulilofanya ni dogo. Wiki ya mwisho tulitengeneza kitabu kwa karatasi za mifuko ya saruji, zile za ndani zilizo safi, tukakishona kwa sindano na uzi. Kila mtoto alipata ukurasa: juu mwisho wake wa hadithi, chini jina lake. Nilitangaza kwamba majina yaandikwe kamili. Wengine walitumia muda mrefu kwenye jina kuliko kwenye hadithi, wakilifuta na kulirudia mpaka likanyooka. Kitabu hicho sikukichukua. Nilipiga picha maandishi nikiwa nimefunika majina, na chenyewe kikabaki kwenye kabati la darasa, chini ya chaki.

Wengi walimfufua paa. Mmoja alimrudisha kwa mwenye kumuuza, kwa sababu huko angalau alikuwa na wenzake. Mwingine alimpeleka kwa mjomba.

Yule wa nyumba ya matofali hakubadilisha mchoro wake. Nilikuwa nimemweleza paa ni mnyama gani, nikamwonyesha na picha, akaniambia amenielewa. Kisha akaandika kwamba bwana alikuwa tajiri, akalisahau paa lake, hakulikarabati hata siku moja. Mvua ikaja. Paa halikuanguka. Lilivuja juu ya kitanda cha bwana peke yake, kila usiku, mpaka akaomba radhi.

Chini yake aliandika jina lake lote, na la ukoo. Hapa siwezi kulitaja. Mlimani, kwenye kitabu, lipo.