Shabu na Marashi: Historia ya Viondoa Harufu na Ngozi ya Kwapa

Kiswahili kina neno mahsusi kwa harufu ya jasho la kwapani, nalo ni kikwapa. Kamusi za zamani zinaongeza kutuzi, neno ambalo leo hata wasemaji wa pwani hawalitumii sana. Jambo hili si dogo kwa mwanahistoria. Timothy Burke, katika kitabu chake cha mwaka 1996 kuhusu sabuni na bidhaa za usafi nchini Zimbabwe, alionyesha jinsi matangazo ya biashara yalivyojenga haja mpya za mwili. Hoja hiyo ina nguvu, lakini haiwezi kuhamishiwa kwa Waswahili bila kupunguzwa. Lugha iliyo na jina la harufu hiyo, pamoja na msamiati mpana wa vitu vya kuifukuza na kuifunika, haiwezi kusemwa kwamba ilifundishwa aibu ya kikwapa na kopo la dukani. Kilicholetwa na kopo ni kitu kingine: mchanganyiko wa kemikali unaokaa juu ya ngozi mchana kutwa, na ambao jina lake halimwelezi mnunuzi kazi unayofanya.

Makala haya yanafuata historia ya mchanganyiko huo hadi katika mtaa wa Katoyi, komuni ya Karisimbi, mjini Goma. Huko, kama katika mitaa mingine ya mji huo, vichupa vya kuondoa harufu huuzwa pamoja na sabuni na mafuta ya kupaka, vikiwa na maandishi ya Kifaransa, ya Kiingereza na ya lugha nyingine za mbali. Ili kuelewa kilichomo ndani yake, yafaa kuanza pwani.

Mwanajiografia Mwarabu al-Masudi, aliyeandika katika karne ya 10, alikwisha kuitaja ambari ya bahari ya Zanj. Baadaye msamiati wa manukato ya pwani ulipanuka sana: udi, ubani, zabadi, miski, marashi, liwa, dalia, tibu. Ukiuchunguza msamiati huu utaona kwamba sehemu kubwa yake haihusu ngozi. Udi na ubani hutiwa katika chetezo, na nguo hufukizwa. Marashi hunyunyizwa kwa mrashi. Kikuba cha maua na majani hubandikwa kwenye nywele au nguo. Liwa na dalia, ni kweli, hupakwa mwilini, lakini hupakwa zaidi kwa ajili ya sherehe, kisha huoshwa. Hata neno la Kifaransa «parfum» lina asili ya Kilatini yenye maana ya «kwa njia ya moshi», na kwa hiyo lilikuwa jirani wa kufukiza kabla halijahamia kwenye chupa.

Kando ya manukato hayo kilikuwapo kitu kisichonukia kabisa, yaani shabu. Hiki ni kijiwe cheupe chenye ladha ya ukakasi, kinachokaza ngozi, ambacho vinyozi hukipitisha usoni mwa mtu aliyekwisha kunyolewa. Jina lake limetoka katika Kiarabu. Mwanzoni mwa karne ya 19, mwanakemia Mwingereza Humphry Davy alipoipa metali ya alumini jina lake, alilitoa katika neno la Kilatini «alumen», ambalo maana yake ni shabu. Basi anayesoma neno «aluminium» nyuma ya kichupa huko Katoyi anasoma jina la ndugu wa shabu, ijapokuwa hakuna anayemwambia.

Undugu huo ni wa kikemia pia. Jasho la kwapa, linapotoka katika tezi zake, halina harufu kali. Bakteria wanaoishi kwapani, hasa wa jamii ya Corynebacterium, ndio wanaolivunjavunja na kuzalisha asidi zinazonuka. Kuna njia tatu za kupambana na hali hiyo: kuzuia jasho lisitoke, kuwaua au kuwadhoofisha bakteria, au kuifunika harufu kwa harufu nyingine. Chumvi za alumini hufuata njia ya kwanza: zikikutana na jasho hugeuka kuwa utelezi mzito unaoziba mlango wa tezi kwa muda. Manukato hufuata njia ya tatu. Kiswahili cha pwani kilizitenganisha njia hizi mbili kwa majina tofauti kabisa; kiwanda cha kisasa kimezitia katika chupa moja.

Kiwanda hicho kilianza Marekani. Mwaka 1888 mjini Philadelphia ilitokea Mum, krimu yenye zinki iliyowadhoofisha bakteria. Mwaka 1903 ilifuata Everdry, iliyotumia kloridi ya alumini. Ngozi ya kwapa ililipa gharama tangu siku za mwanzo, kwa sababu kloridi ya alumini ndani ya maji huzaa asidi, na asidi hiyo huwasha ngozi na kula kitambaa. Edna Murphey wa Cincinnati, binti wa daktari mpasuaji, aliuza dawa ya namna hiyo iliyobuniwa na baba yake ili mikono yake isitoke jasho wakati wa upasuaji. Aliiita Odorono. Wateja walilalamika kwamba inawachoma na kuharibu nguo zao, na wakashauriwa wasiipake mara tu baada ya kunyoa. Hata hivyo, mwaka 1919 tangazo lake katika gazeti la Ladies' Home Journal liliwaambia wanawake, kwa lugha ya kuzunguka, kwamba huenda wananuka bila wao kujua. Wasomaji wapatao 200 walikata uandikishaji wao kwa hasira, lakini mauzo yakapanda kwa asilimia 112. Kampuni haikuwa na sababu ya kuharakisha kuiondoa asidi ikiwa hofu peke yake iliuza kiasi hicho. Mwaka 1941 tu ndipo Jules Montenier alipopata hataza ya njia ya kuipoza asidi hiyo.

Baada ya hapo umbo la chombo lilibadilika haraka, kutoka krimu hadi kichupa chenye gololi kilichoiga kalamu ya wino, halafu kopo la kupuliza. Ngozi iliendelea kuwa mahali pa majaribio. Katika miaka ya 1950 chumvi za zirkoni zilisababisha vinundu vigumu kwapani, na mwaka 1977 Marekani iliziondoa katika makopo ya kupuliza kwa kuhofia mapafu. Heksaklorofeni, dawa ya kuua bakteria iliyokuwa imeenea katika sabuni na viondoa harufu, ilipata sifa mbaya mwaka 1972 nchini Ufaransa, pale ilipotiwa kwa makosa kiasi kikubwa katika poda ya watoto iitwayo Morhange. Watoto 36 walikufa. Mwaka huohuo Marekani ilizuia matumizi yake ya kawaida.

Wasomaji wengi leo huiogopa zaidi alumini, kwa kuisikia ikihusishwa na saratani ya matiti. Uhusiano huo haujathibitishwa, na mwaka 2020 kamati ya kisayansi ya Umoja wa Ulaya ilitoa maoni kwamba viwango vinavyotumika katika bidhaa hizi ni salama. Inashangaza kidogo kwamba hofu imeelekezwa kwa shabu huku marashi yakisamehewa. Kwa upande wa mzio wa ngozi, mshukiwa mkuu ni marashi. Kwapa lina joto na unyevu, ngozi husuguana, na mara nyingi imekwaruzwa na wembe. Harufu iliyotengenezwa kwa kemikali kadhaa hupenya kwa urahisi, na mwili ukishazoea kuikataa utaikataa maisha yote. Mwaka 2003 Umoja wa Ulaya ulitoa orodha ya vitu 26 vya manukato ambavyo ni lazima vitajwe kwa jina kwenye bidhaa. Mwaka 2023 orodha ikapanuliwa kupita 80. Miongoni mwa vile 26 wamo linaloli, geranioli na eujenoli. Hii ya mwisho ndiyo roho ya karafuu, zao lililoitajirisha Unguja na Pemba. Kitu cha asili hakiwi kipole kwa kuwa cha asili.

Ndimu inatoa ushahidi wa namna hiyohiyo. Wapo wanaojipaka maji ya ndimu kwapani, na kwa harufu yanafaa, maana asidi yake huwasumbua bakteria. Lakini ndimu, kama mafuta ya bergamoti yaliyokuwa yakitiwa katika maji ya Cologne, ina dutu ambazo zikipigwa na jua juu ya ngozi huiunguza na kuacha mabaka meusi. Kwapa limejificha, mikono na shingo havikujificha, na Goma iko karibu na ikweta, katika mwinuko wa mita 1,500 hivi, ambapo jua ni kali hata siku ya baridi. Magadi nayo huondoa harufu, ila ngozi kwa kawaida ina uasidi mdogo, na magadi huuvunja.

Huko Katoyi kunaongezeka tatizo la maji. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, haina mito, na maji yake hupandishwa kutoka Ziwa Kivu. Familia nyingi huyabeba kwa bidoni. Mlipuko wa Mei 2021 uliharibu tangi kubwa la maji na kuwaacha watu wapatao nusu milioni bila huduma hiyo. Bidhaa hizi zilibuniwa kwa mtu anayeoga kila siku. Palipo na uhaba wa maji, tabaka jipya hupakwa juu ya lile la jana, na muda wa ngozi kukaa na manukato huongezeka.

Kwenye ngozi nyeusi, muwasho ukipoa mara nyingi huacha weusi usioondoka kwa miezi mingi. Hapo ndipo mtu hushawishika kununua krimu ya kung'arisha, ambayo huenda ina hidrokwinoni au zebaki. Rwanda, iliyo hatua chache kutoka Goma, ilianza msako wa krimu hizo mwishoni mwa 2018, na mwaka 2023 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata ziliamua kwamba vipodozi vyote vyenye zebaki vikomeshwe ifikapo 2025.

Kiswahili cha Kivu kilipokelewa kutoka kwa misafara ya karne ya 19, lakini maneno kama chetezo na mrashi hayakukita mizizi huko. Pengo lilijazwa na neno moja la Kifaransa, «déodorant», linalotumika kwa kitu kinachoziba jasho na kwa kitu kinachonukia tu. Wanaistilahi wakilishughulikia suala hili hawatahitaji kubuni mengi. Kiziba jasho na kifunika harufu yanaeleweka kwa mzungumzaji yeyote, na shabu ni neno lililokwisha kuwamo katika kamusi. Likiandikwa mahali pa «aluminium», mnunuzi wa Katoyi aliyenyoa asubuhi hiyo ataweza kukichagua kichupa chenye shabu bila marashi, au kukirudisha mezani.