Nani Aonje Kwanza? Historia ya Bia na Chakula katika Vilima vya Nyantende

Mwaka 1977 Mwingereza Michael Jackson alichapisha kitabu chake The World Guide to Beer, na tangu hapo kuonja bia kumehesabiwa Ulaya na Marekani kuwa elimu yenye istilahi zake, walimu wake na mashindano yake. Mwonjaji hutazama rangi na povu, hunusa, huonja, kisha hutaja chakula kinachoafikiana na kinywaji kile. Ubelgiji ndiyo iliyopata sifa kubwa zaidi katika elimu hiyo, na mwaka 2016 UNESCO iliingiza utamaduni wa bia wa nchi hiyo katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Katika maandishi ya namna hiyo Afrika hutajwa kwa nadra, na inapotajwa huwa ni soko tu la bia baridi za viwandani. Makala haya yanaitazama historia hiyo kutoka upande wa pili, yaani kutoka Nyantende, katika vilima vya Bushi kusini mwa jiji la Bukavu, Kivu ya Kusini. Mahali hapo panafaa kwa uchunguzi kwa sababu moja kubwa: migomba inayotoa pombe ya kienyeji na kiwanda kinachotoa bia ya chupa vimekaa jirani, mwendo mfupi tu, kwa zaidi ya nusu karne.

Inafaa kuanza na pombe ya ndizi, ambayo Washi huiita mamvu, na ambayo kila mkazi wa Bukavu huijua kwa jina la kasiksi. Ndizi zake si zile za kupika. Ni za aina zenye ukakasi mwingi, ambazo mtu hawezi kuzila kwa raha hata zikiiva. Hukatwa zikiwa mbichi lakini zimekomaa, zikafukiwa katika shimo lililotandikwa majani ya migomba na kupashwa moto, au zikawekwa juu ya meko, hadi ziive pamoja kwa siku chache. Kisha humenywa, zikatiwa ndani ya mtumbwi wa mti uliochimbwa, zikapondwa na kukandwa pamoja na nyasi ndefu kavu. Nyasi hizo si chujio tu. Unyama wa ndizi na sehemu kubwa ya ule ukakasi hunaswa humo, na maji yanayotoka huwa matamu na mepesi. Juisi hiyo ndiyo mutobe, kinywaji cha watoto na wageni wasiotaka kulewa. Ili iwe pombe huongezwa maji na unga wa mtama uliokaangwa, kisha hufunikwa mahali penye joto kwa muda wa siku moja hadi tatu. Mtama huleta chachu, huipa pombe rangi ya kahawia na ladha ya nafaka iliyoungua kidogo. Baada ya hapo wakati hauna huruma: siku chache zaidi, na kasiksi huwa siki.

Kwa hiyo ladha ya pombe hiyo haikai mahali pamoja. Ile ya asubuhi ya kwanza ni tamu na ina hewa. Ya siku ya pili imekauka na imepata ukali. Ya siku ya nne ni ya wenye kiu isiyochagua. Anayeijua huweza kusema, kwa kuonja mara moja, kama mtama ulikaangwa kupita kiasi, kama maji yaliongezwa kwa uchoyo wa muuzaji, au kama ndizi zilitolewa shimoni kabla ya wakati. Jirani wa Washi, yaani Wanyarwanda na Warundi, wana umutobe wao na pombe zao za ndizi. Wahaya wana lubisi. Wachaga wana mbege, ambayo huchanganya ndizi na ulezi. Tofauti baina ya vinywaji hivyo ni kubwa kama zile zinazoandikwa vitabuni baina ya bia za vijiji viwili vya Ubelgiji. Kinachokosekana ni mwandishi wa kuziandika.

Lakini katika Bushi, kama katika sehemu nyingi za Maziwa Makuu, kuonja kulikuwa na kazi nyingine iliyotangulia ladha. Mwenye pombe ndiye anayeonja kwanza, mbele ya macho ya wote, kabla chombo hakijamfikia mgeni. Akinywa, ameapa bila maneno kwamba hakuna sumu. Desturi hiyo haikuwa adabu tupu. Hofu ya sumu ya polepole, inayoitwa karuho katika Kivu ya Kusini, ni ya kweli hadi leo, na imeleta msiba wa pande mbili: wapo wanaoamini kwamba wameuawa watu wao kwa kikombe cha pombe, na wapo waliolaumiwa bure kwa maradhi ambayo hospitali ingeyatambua. Ni katika hali hiyo ndipo inapoeleweka kwa nini mnywaji wa Bukavu hukataa chupa iliyofunguliwa jikoni. Kizibo lazima king'olewe mezani, naye akitazama. Mtaalamu wa ladha kutoka Ulaya angesema kwamba mtu huyo anajali gesi isipotee. Kumbe mtu huyo anaendeleza, kwa kizibo cha chuma, kiapo kile kile cha mwenye nyumba aliyeonja kwanza.

Pombe ya ndizi ilifungamana pia na ardhi, na hapa ndipo historia yake inapokuwa na uzito wa siasa. Katika sheria za kimila za Bushi, mwenye haki ya kalinzi hupewa shamba na mkuu wa nchi kwa malipo, aghalabu ya ng'ombe, na haki hiyo hurithiwa na wanawe. Aliyepata ardhi kwa bwasa hupata kibali cha muda tu. Huyu wa pili hulima maharagwe, viazi au mihogo, lakini haruhusiwi kupanda mazao ya kudumu, na mgomba ni wa kwanza miongoni mwa mazao hayo, kwa kuwa anayepanda mgomba amedai kukaa. Matokeo yake ni dhahiri. Mwenye kalinzi ndiye mwenye ndizi. Mwenye ndizi ndiye mwenye pombe. Na mwenye pombe ndiye anayeweza kukaribisha watu, kutoa mahari ipasavyo, kumaliza ugomvi na kuita majirani kwa kazi ya shamba. Mtu wa bwasa alikunywa pombe ya wengine. Ni vigumu kusema juu ya ladha ya kasiksi bila kukumbuka ni nani aliyekuwa na uwezo wa kuipika.

Bia ya kizungu iliingia katika jamii hiyo kwa mlango uliofunguliwa na sheria. Mkataba wa Brussels wa 1890, na baadaye ule wa Saint-Germain-en-Laye wa 1919, uliwekea mipaka biashara ya pombe kali zilizokenekwa katika sehemu kubwa ya Afrika. Bia haikuwekwa katika kundi hilo. Hivyo, chini ya utawala wa Kibelgiji, bia ndiyo iliyokuwa kileo cha kigeni ambacho Mwafrika aliweza kukinunua kwa urahisi kuliko vyote. Brasserie de Léopoldville iliundwa mwaka 1923 na kutoa Primus yake ya kwanza mwishoni mwa 1926. Kampuni hiyo, iliyokuja kuitwa Bralima, ilifungua kiwanda Bukavu kabla ya uhuru wa 1960. Kwa mpikaji wa Nyantende mabadiliko yalikuwa makubwa: alikuwa na mshindani asiyeharibika. Chupa ya Primus yaweza kungoja wiki nyingi. Kasiksi haingoji hata harusi iliyoahirishwa.

Lugha ilipokea kinywaji hicho upesi. Yafaa kutaja kwa kupita kwamba Kiswahili kilipandishwa hadi Kivu na wafanyabiashara wa pwani ambao wengi wao walikuwa Waislamu, na hata hivyo neno pombe lilisafiri salama pamoja nao. Neno bia lilifuata. Kifaransa kikaongeza kaziye, yaani sanduku la chupa, na neno hilo likaingia hata katika hesabu za mahari, mahali ambapo zamani palihesabiwa vibuyu na mitungi. Familia nyingi za mjini na za vilimani hutaka vyote viwili: kaziye kwa ajili ya wageni wa mjini, na kasiksi kwa ajili ya wazee, ambao hawaoni kwamba ndoa imefungwa bila hiyo.

Suala la kuoanisha bia na chakula linahitaji tahadhari, kwa maana ni rahisi kudhani kwamba kila kilichozoeleka ni cha zamani. Katika Rwanda ya kale, mtu wa heshima aliona haya kula mbele ya watu, lakini kunywa mbele ya watu kulikuwa fahari. Bushi haikuwa mbali na mawazo hayo. Chakula kilikuwa cha nyumbani, pombe ilikuwa ya baraza, na pombe nzito ya mtama ilikuwa yenyewe ni chakula. Bugali na lenga-lenga au sombe havikuandaliwa kwa ajili ya kusindikiza kibuyu. Meza yenye bia na sahani pamoja ni jambo la mji.

Hata vyakula vyenyewe vinatoa ushahidi. Leo hakuna kinachoafikiana na Primus machoni pa mtu wa Bukavu kuliko sambaza waliokaangwa hadi wakakauka, wakatiwa chumvi na pilipili. Uchungu mdogo wa bia na gesi yake huosha mafuta kinywani, na chumvi huamsha kiu ya tonge linalofuata. Maelezo ya kitaalamu hayana la kuongeza. Lakini sambaza si samaki wa asili wa Ziwa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika kati ya 1958 na 1960, nao walichukua miaka mingi kabla ya kuvuliwa kwa wingi. Kwa hiyo mlo huo, unaotajwa kama wa mababu, hauwezi kuwa na umri mkubwa kuliko uhuru wenyewe. Mishikaki ya mbuzi nayo imebeba jina la pwani. Kinyume chake, mashanza, yaani jibini laini la maziwa ya ng'ombe wa Bushi, ni chakula cha zamani kweli, na uchachu wake hukutana vizuri na kasiksi ya siku ya kwanza ambayo bado ina utamu. Pamoja na bia chungu ya chupa, mashanza hupoteza ladha yake. Inasikitisha kwamba mikahawa ya mjini, inayojua kupanga sambaza na Primus, haijaona haja ya kuweka mezani mlingano huu wa pili.

Ubaguzi huo wa meza haukosi kinaya. Bia za ngano za Bavaria husifiwa na waonjaji kwa harufu ya ndizi, ambayo kwa kweli hutokana na kazi ya chachu na wala hakuna ndizi ndani yake. Ubelgiji, kiwanda cha Huyghe hupika bia ya ndizi iitwayo Mongozo, iliyoanzishwa na mkimbizi kutoka Angola aliyeishi Uholanzi. Arusha, kampuni ya Banana Investments ilianzishwa mwaka 1993 na imeiweka pombe ya ndizi katika chupa. Kasiksi ya Nyantende, ambayo ina ndizi kuliko hizo zote, bado husafirishwa katika madumu ya plastiki ya njano, na bei yake hushuka kila saa inayopita.

Hatari iliyo kubwa zaidi, hata hivyo, haikutoka kiwandani. Vita vya 1996 na vile vilivyoanza 1998 viliondoa ng'ombe wengi vilimani, na pamoja nao samadi iliyokuwa ikilisha migomba. Mwaka 2001 mnyauko wa bakteria ulionekana Masisi, Kivu ya Kaskazini, ukaenea kusini katika miaka iliyofuata. Mgomba ulioambukizwa hunyauka, na ndizi zake huiva ovyo na kuoza kwa ndani, hata mutobe hauwezi kukamuliwa. Ugonjwa huo hubebwa na wadudu wanaotembelea maua na kwa visu vya kukatia, na hauna dawa. Shina lenye ugonjwa hukatwa, visu husafishwa kwa moto, na ua dume huvunjwa kwa kijiti. Kituo cha utafiti cha Mulungu, kilichokuwa cha INEAC wakati wa ukoloni na sasa ni cha INERA, kina mkusanyiko wa aina za migomba. Aina inaweza kuhifadhiwa huko. Ujuzi wa kupima ukaangaji wa mtama kwa pua hauhifadhiwi kituoni.

Kiwanda nacho hakikusalimika na historia. Wafanyakazi wa zamani 168 wa Bralima Bukavu walipeleka malalamiko Uholanzi mwaka 2015, katika ofisi inayosimamia miongozo ya OECD, kuhusu jinsi walivyoachishwa kazi wakati wa vita, kati ya 1999 na 2003. Maafikiano na kampuni mama ya Heineken yalipatikana 2017. Kisha, Februari 2025, waasi wa M23 waliingia Bukavu. Mwezi Juni mwaka huo Heineken ilitangaza kwamba watu wenye silaha wameshika uendeshaji wa mali zake Bukavu na Goma, na kwamba imewaondoa wafanyakazi wake waliobaki. Chupa iliyodhaniwa kuwa haiharibiki ilionekana kuwa inategemea barabara, umeme, shayiri ya ng'ambo na amani. Pombe ya Nyantende inategemea shimo, nyasi, mtumbwi na mgomba ulio hai, pamoja na mtu aliye tayari kuinywa kwanza mbele ya wageni wake.